Goti Lililokwenda Chuo Kikuu

Mama,

Bado nalisikia goti lako. Krr, kama mahindi makavu yanayokanyagwa. Ulikuwa ukiinuka kwenye kigoda linalia, nawe unacheka kabla sijakuhurumia. "Lenzake liko chuo kikuu," ulisema. "Hili la nyumbani ndilo halikusoma."

Uliwaambia wote pale kituo cha kupimia majani chai: daktari alitoa uboho kidogo mfupani mwako, na binti yako analea seli zake maabarani ziote gegedu mpya, ule mto laini wa kati ya mifupa, ya kutia gotini. Jirani yetu Mama Chebet akauliza kama goti hilo limelipiwa karo. Mkacheka mpaka mkaegemea vikapu. Nilikuwa hapo. Sikusema kitu.

Hukudanganya, Mama. Maneno hayo nilikupa mimi. Kila ukipiga simu uliuliza, "Zinaendeleaje?" nami nikajibu, "Zinakua." Zilikuwa zinakua kweli. Lakini hazikugeuka gegedu. Zilitoa kitu chenye nyuzi, kama kovu, kisichoweza kubeba hata uzito wako mdogo. Na nilijua tangu mwanzo kwamba ile ni sampuli ya utafiti tu, haitarudi mwilini mwako. Iliandikwa kwenye karatasi uliyotia sahihi. Sehemu hiyo nilikusomea haraka haraka.

Basi daktari alipokupangia upasuaji wa kutiwa goti la chuma, ukamwambia hapana, mwanangu ananitengenezea langu. Ukasubiri. Ukasubiri ukichuma chai msimu ule wa mvua, kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba, mpaka goti likakuangusha juu ya mawe ya mtaro.

Baada ya mazishi nilirudi maabara. Seli zako zi hai, Mama. Wewe uko chini ya udongo, na mimi kila baada ya siku mbili nazibadilishia maji yenye chakula, nazitazama kwenye darubini, nazisihi. Nazisihi nini? Sijui. Nyumbani siwezi kukalia kile kigoda.

Jumapili baada ya ibada, Mama Chebet alinishika mkono. Anatembelea fimbo sasa. "Chepkoech, langu nalo litaanza masomo lini? Hospitali wameniita, nimewaambia wangoje."

Nilitaka kukimbia.

Nilimwambia yote, pale pale mlangoni pa kanisa, watu wakipita. Kwamba hakuna goti. Kwamba hata lako halikuwepo. Akaniachia mkono.

"Na mama yako alijua?"

"Hapana."

Akaondoka bila kuniaga.

Pumzika, Mama. Msamaha sijui niuombe kwa maneno gani. Nitaendelea kuzisoma seli zako, lakini sitamwambia mtu tena "zinakua" kisha nikanyamaza.

Alhamisi nilikwenda kwa Mama Chebet bila kualikwa, nikambebea mfuko wa nguo hadi hospitali. Tuliketi kwenye benchi. Walipoleta karatasi ya goti la chuma, hakuitazama. Alinipa mimi. Nikamsomea polepole, mstari kwa mstari, mpaka wa mwisho. Ndipo akatia sahihi.

Wako,
Chepkoech