Usitume Tena Dosye ya Rosine

Kasongo, tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Clovis,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana, wewe pamoja na wifi yangu Nadine na watoto. Mnaamkaje huko Namur, Ulaya? Nasikia baridi imeanza kuwauma. Je, kifua cha yule mdogo kimepona? Niambie ukweli, usinifiche kama ulivyonificha mwaka jana.

Sisi tunapumua. Mgongo wa shemeji yako Célestin unamsumbua tangu tulipoanza kupanda mpunga, lakini asubuhi anajifunga kitambaa kiunoni na kwenda. Mvua zinanyesha kila siku, na njia ya Kabambare imekuwa tope tupu. Watu wanashuka na kuisukuma pikipiki zaidi ya wanavyoipanda.

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati kuna telefone. Nimempa Sista Naomie aibebe, maana anapitia Kindu na Kinshasa hadi kwenu. Mpwa wako Rosine hataki jambo lake lipite tena kwenye telefone, hata kwa sauti. Nimemheshimu.

Dosye uliyotuma, zile karatasi za malalamiko ya pili, imefika, na Sista ametuchapishia. Nimeona pale mahali Rosine anapaswa kutia sahihi, na nimeona kwamba siku zinaisha mwisho wa mwezi huu. Clovis, hatutatia sahihi. Usitume tena dosye ya Rosine.

Najua utakasirika, na una haki. Umetoa Jumamosi zako zote kwa mpwa wako tangu mwaka jana. Kwenye telefone nilikuwa najibu ndiyo, ndiyo, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kueleza. Sasa vumilia nikueleze yote kutoka mwanzo, hata yale unayoyajua, ili usifikiri kwamba tumekosa shukrani.

Unakumbuka kifafa kilimwanza akiwa na miaka kumi na miwili. Kwa vidonge vya kituo cha afya cha Lusangi aliweza kumaliza mwaka mzima bila kuanguka. Alisoma, akapata diploma, akapewa darasa la pili kule Kabambare, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi na muuguzi Joël. Hata Yves, aliyekuwa anataka kumwoa, tulikuwa tunatafuta siku nzuri ya kumwambia.

Kisha, miaka mitatu iliyopita, walikuja Lusangi wale watu wa kampuni ya ng'ambo na tableti zao. Walisema wanatengeneza mashine ya kutambua kifafa, na mashine hiyo inajifunza kwa kutazama wagonjwa. Walimpa karatasi ya Kifaransa, kurasa nane. Alisoma ya kwanza. Iliandikwa kwamba majina yatafichwa. Akatia sahihi. Siku ya pili alianguka uani pa kituo, nao wakamchukua video. Alipoamka alikuta wamemfunika kitenge, wakamshukuru kwa upole. Alirudi nyumbani akiwasifu.

Machi ya mwaka jana, video ile iliingia katika telefone za Kabambare. Kampuni iliiweka kwenye ukurasa wake wa kutangaza mashine, na uso wake, na jina lake lote, na Lusangi, na umri. Mtoto mmoja wa hapa anayesoma nje aliiona akairusha nyumbani. Rosine alikuwa na wanafunzi thelathini na wanane. Wiki ile ile walibaki kumi na mmoja, kwa sababu huku bado wanaamini kwamba povu la mgonjwa linaambukiza. Direkta wa shule akamwambia arudi kwa wazazi kwanza, naye akaenda kukaa kwa shangazi yetu Lusangi. Yves hakuja tena, wala hakutuma neno.

Hapo ndipo ulipolichukua jambo hili mikononi mwako. Uliandikia kampuni, ilinyamaza miezi miwili, ikajibu kwamba Rosine alikubali mwenyewe. Uliandikia ofisi ya serikali yao inayolinda habari za watu. Wakasema Rosine si mtu wa nchi yao. Ndipo ukagundua kwenye ukurasa wa saba wa ile karatasi kwamba mwenye neno na kampuni asiende mahakamani, apeleke shauri kwa msuluhishi katika mji wao. Ukapeleka.

Msuluhishi alitaka kadi yake ya uchaguzi, photo mpya, daftari lake la matibabu na barua ya muuguzi. Tulituma vyote. Siku ile Rosine aliniuliza, "Mama, juu ya kutosha jina yangu kule, tunatuma jina yangu tena?"

Nilimjibu kwamba ndivyo sheria inavyotaka, ili jina litolewe. Mpaka leo neno hilo linaniuma, maana lilikuwa swali la mtu mwenye akili na mimi nililijibu kama mjinga.

Tarehe kumi na saba Septemba, siku ya kusikilizwa shauri, alitoka Lusangi kwa pikipiki, akafika hapa amelowa. Tuliingia ofisi ya masista, penye antena ya intaneti. Wewe ulikuwa pale kwenye ekra ya kompyuta, katika kidirisha chako, na tai umefunga. Uliona nyuso zetu. Hukuona chini ya meza: nilikuwa nimemshika goti.

Wakili wa kampuni akasema hakuna uhakika kwamba mtu wa kwenye video ndiye huyu aliyeketi mbele yetu. Msuluhishi akaomba video ionyeshwe. Hapo ndipo kuna jambo usilolijua, Clovis. Kabambare yote walikuwa wameiona video ile. Rosine peke yake hakuwahi kuitazama. Miaka kumi na miwili ya kuanguka, yeye alichokijua ni kuamka tu.

Aliitazama yote, mpaka pale nguo yake inapolowa mkojo.

Yule mama mkalimani, anayesema Kiswahili cha Kenya, akatafsiri: "Mlalamikaji anathibitisha kwamba aliye kwenye picha ni yeye?"

"Ananiuliza nini?" Rosine akaniuliza mimi.

Mkalimani akasikia. Akasema taratibu, "Anauliza kama huyo ni wewe, dada."

"Ni miye," Rosine akasema. "Sasa muzime."

Mkalimani akatafsiri kwa sauti ya chini. Pengine ulifikiri ni rezo, mtandao mbovu.

Tulipotoka nje, mtoto hakulia. Alisimama karibu na ukuta, akanitazama, akasema, "Kumbe ni vile munanionaka? Na munakulaka na miye sahani moja?"

Nilimkumbatia. Hakuniinulia mikono.

Mwezi wa kumi ukatupigia simu ukipiga kelele, tumeshinda, tumeshinda! Célestin akaimba. Kurasa ishirini na tatu, na mwisho msuluhishi anaamuru kampuni ifute video na jina. Na kweli wamefuta. Lakini wewe mwenyewe ulitueleza, sauti ikishuka, kwamba msuluhishi hana uwezo juu ya video zilizomo katika telefone za watu. Kwamba kile mashine ilichojifunza kutoka mwilini mwa Rosine kinabaki ndani ya mashine. Na kwamba karatasi zote tulizotuma, kadi na daftari la matibabu, zitakaa katika dosye ya shauri miaka saba. Ndiyo maana unataka kulalamika tena. Nakuelewa. Wewe ni mtu wa kwenda mpaka mwisho, ulikuwa hivyo tangu utoto.

Célestin alikwenda na hukumu ile mpaka Kabambare, na mgongo wake ule, siku mbili njiani. Sista alikuwa ametutafsiria ukurasa wa mwisho. Direkta aliusoma wote, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Baba," akamwambia, "miye naamini. Lakini wazazi hawasomake karatasi ya Ulaya. Wanasomaka telefone."

Darasa la pili lina mwalimu mwingine.

Ningeweza kuyabeba hayo. Lakini sasa kituo cha Lusangi kimepata utaratibu mpya wa vidonge vya kifafa. Ni vya bure, ila kila mgonjwa aandikwe katika tableti: jina, photo, kidole. Muuguzi Joël alikuja mwenyewe nyumbani kwa shangazi yetu, anakokaa Rosine, akamweleza kwa upole. Rosine akajibu, "Sitaandikwa tena." Akaingia ndani.

Vidonge vyake vya zamani viliisha mwisho wa Septemba. Mwezi wa kumi ameanguka mara nne. Mara ya nne alikuwa peke yake jikoni, akaangukia mafiga. Uliungua mkono wa kuume. Vidole viwili havikunjiki tena.

Tulikwenda kwake wote wawili. Nilimwomba kwa kila neno ninalolijua. Célestin, Clovis, shemeji yako asiyejua kuomba mtu kitu, alipiga magoti mbele ya binti yake. Rosine akamshika bega na ule mkono mzima, akasema, "Baba, simama. Ni aibu watu wakikuona." Hakubadili neno lake.

Basi Jumatatu ya tarehe ishirini na saba nilikwenda kituoni peke yangu. Nilimwambia Joël nimekuja kuandikwa.

"Weye, Mama Marcelline? Na ugonjwa gani?"

"Kifafa."

Yeye ndiye aliyepima mimba zangu zote. Anajua mwili wangu kuliko padri anavyojua dhambi zangu. Kisha akachukua tableti. "Tangu lini?"

"Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili."

Akaandika. Alipoinua ile tableti kunipiga photo, akasimama kwanza, akasema, "Mama, hii photo, miye sijui itafika wapi."

"Ifike," nikamwambia, na nikaweka kidole.

Vidonge hivyo Rosine anavimeza. Bahasha imeandikwa jina langu, naye ameliona. Siku ya kwanza aliligeuza chini, akanywa maji, hakunitazama. Zimepita siku kumi na tatu hajaanguka. Hasemi na mtu. Anashinda ameketi nyuma ya nyumba, na mtu akitoa telefone mfukoni, hata kutazama saa tu, anajifunika uso kwa kitenge.

Mimi habari yangu imekwisha kutembea. Sijui ni nani aliyeichukua kituoni. Jumapili iliyopita nilikwenda kupika na akina mama wa parokia. Julienne alinitoa mwiko mkononi, bila ubaya, kama mtu anayemtoa mtoto kisu, akasema, "Acha, mama, tutapika siye." Nikaketi kando. Chakula kilipoiva waliniletea sahani yangu peke yangu. Nilikula. Hapo ndipo nilipojua binti yangu anakula nini tangu mwaka jana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usitafute tena wakili wala msuluhishi. Tulishinda, na sina nguvu ya kushinda mara ya pili. Na siku mtu wa Kasongo akikufikia huko Namur akakwambia dada yako Marcelline ana kifafa, pengine akakuonyesha na photo yangu, usikatae. Usimwandikie mtu yeyote barua. Sema ndiyo, ni yeye.

Nisalimie wifi Nadine, na Chadrack wako, na mdogo wake mwenye kifua. Mpelekee salamu Marie-Thérèse ukimwona kanisani. Célestin anakusalimu kwa mikono miwili. Rosine sijamwambia kwamba naandika, lakini najua angekusalimu.

Mungu awalinde mlalapo na mtembeapo, na ayafiche majina yenu chini ya mkono wake.

Ni mimi yaya wako, dada yako mkubwa, nikupendaye tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni,

Marcelline