Kuku Wawili Nyuma ya Kiti

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia kutoka Voi nikiwa nimefunga duka mchana wa kazi, jambo ambalo sijafanya tangu nilifungue, naomba msaada wako kwa sababu mama yangu anasema hivi, mke wangu anasema vile, mimi mwenyewe sijui tena ninaamini nini, na Jumamosi hii kuna jambo litafanyika ambalo likishafanyika halitarudi nyuma.

Mimi ni fundi wa redio, umri wangu miaka thelathini na minne, na nakuambia kazi yangu si kwa kujisifu bali ili uelewe kwamba masikio yangu ndiyo jembe langu, mtu akiniletea redio inayokwaruza huwa nimejua ugonjwa wake kabla sijafungua skrubu ya kwanza, na ni kwa masikio hayo hayo nilivyoingia katika matata haya. Mwaka jana serikali ilipopiga marufuku uwindaji, mzungu mmoja mwindaji alifunga kazi akarudi kwao, akaniuzia gari lake la spoti, jekundu, milango miwili, viti viwili na kijinafasi nyuma cha kuweka mizigo, gari zuri kuliko yote yanayolala Voi, lakini mshauri, lilikuwa na aibu moja, mlio wake ulikuwa wa cherehani. Mimi kila Pasaka husimama kando ya barabara magari ya mashindano yakipita, naisikia ile sauti kifuani kabla haijafika masikioni, nikajiambia gari la namna hii haliwezi kunong'ona.

Nikalipeleka kwa Kilonzo, fundi anayechomelea vyuma karibu na reli, tukashughulikia ekzosi, yaani lile bomba la moshi, tukatoa sailensa inayopunguza mlio tukaweka bomba pana, na mlio ukawa mzuri hata watu wakawa wanatoka vibarazani kulitazama, wakaanza kuniita Bwana Besi, ila ikabaki kasoro moja, waliofaidi ule mlio ni wale tuliowaacha nyuma, mimi niliyemo ndani nilisikia kidogo tu. Sasa katika kazi yangu spika huwekwa mbele ya msikilizaji, haiwekwi nje ya nyumba, kwa hiyo nikamwambia Kilonzo alikate bomba liishie chini ya viti. Alinitazama sana. "Bwana Redio," akasema, "ekzosi huishia nyuma. Hata ng'ombe anajua pa kutolea." Nikamwambia mwenye gari ni mimi. Akakata, lakini nilipomwomba atoboe na sakafu alikataa katakata, akasema mikono yake haimo katika jambo hilo. Basi nikatoboa mwenyewe nyumbani, kwa keekee ninayotobolea makasha ya spika, matundu ishirini na manne nyuma ya kiti cha kulia, ishirini na manne nyuma ya kiti cha kushoto, nikayafunika kwa kitambaa cha spika ili yapendeze, na habari hii sijamwambia mtu hadi leo, si kwa ubaya, ni kwamba niliona watanicheka. Mshauri, siku niliyoliwasha nilihisi besi ikinipanda mgongoni.

Sasa shida ni mke wangu. Wakesho ana mimba ya miezi sita, na tangu Mei nimempeleka mara nne kwa mama yangu huko Mghange (kurudi hurudi kwa basi), na mara zote nne ameshikwa. Tukishapita Mwatate tukaanza kupanda mlima kwa gia ndogo analalamika kichwa, kisha kichefuchefu, kisha ananyamaza, na tukifika miguu haimbebi, mara ya tatu alianguka uani mbele ya wageni, akalala juu ya majani kama mtu aliyekufa, ikapita saa nzima ndipo akafumbua macho akauliza yuko wapi. Mama yangu, Mkamburi, alimtazama pale chini akasema, "Mwanangu, hii ni saka." Pengine wewe huijui saka, ni ugonjwa wa pepo unaowashika wanawake wetu wa Kidawida tangu zamani, huwashika kwa vitu vya kigeni, mwingine kwa filimbi ya treni, mwingine kwa ngurumo ya motokaa, na tiba yake ni kuchezewa ngoma na kupewa kile anachokitamani. Mama akaniambia, "Gari lako linanguruma hadi majabali yanaitikia, pepo gani atalala?"

Mimi moyoni sikuamini, kwa sababu Wakesho alipoulizwa anatamani nini hakutaka kitambaa wala sukari kama wanavyotaka wengine, alisema anataka sailensa irudishwe na dirisha lake lifunguliwe, basi. Nilicheka mbele ya mama. Nikasema, "Saka gani hii inayojua vipuri?" Nikamwita mwongo, mshauri, nikasema analionea gari wivu, naye aliendelea kukunja nguo. Dirisha lake huwa ninalifunga kwa sababu ya vumbi na baridi ya mlimani, langu huliacha wazi nusu niweke kiwiko. Hata mimi kichwa hunigonga tukifika, lakini hiyo ni baridi. Nesi wa zahanati alimpa vidonge vya kuongeza damu, habari za gari hatukumwambia, kwani gari na damu vinahusiana nini? Na mwezi wa Julai nilipokwenda Mombasa na gari wiki tatu, Wakesho hakuugua hata siku moja, mama akasema mwaona, pepo amefuata gari pwani.

Safari ya nne ndiyo iliyonimaliza. Jumapili iliyopita Wakesho alimchukulia mama kuku wawili aliowafuga mwenyewe, tukawafunga miguu tukawalaza nyuma ya viti, juu ya kile kitambaa. Kutoka Voi walipiga kelele, baada ya Mwatate wakanyamaza, nami nikafurahi kwa kuwa nililisikia gari vizuri. Tulipofika Wakesho alikuwa amelegea hawezi hata kufungua mlango, na nilipoinama kuwatoa kuku wote wawili walikuwa wamekufa, bila jeraha, bila damu, wamelala tu. Mama alipiga ukelele majirani wakaja mbio, akakataa hata kuwagusa. Anasema saka ikishaua imekomaa. Ameamua Jumamosi hii Wakesho achezewe ngoma, na isipotoka arudishwe kwao na akae huko hadi ajifungue, na baada ya hapo wazee wataamua kama atarudi.

Wakesho amesema gari hapandi. Nimemwambia atapanda, siwezi kumwaibisha mama, na ili baridi isimguse nimeziba nyufa zote za madirisha kwa sponji, safari hii hata dirisha langu nitalifunga kabisa, sijui mume mwingine angefanya nini zaidi. Je, nimwamini mama kwamba ni saka, au niuamini moyo wangu kwamba mke wangu ananichezea ili niuache mlio wa gari langu? Na nikiuacha, si nitakuwa nimeshindwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe? Nijibu upesi.

Bwana Besi,
Voi.

*

Bwana Besi,

Barua yako ilifika mezani kwangu Jumatano saa nne asubuhi. Kazi ya gazeti nimeifanya miaka ishirini na sita, na mingi ya miaka hiyo nilikaa mahakamani nikiandika habari za vifo. Sishtuki upesi. Lakini nilipofika kwenye sponji niliiweka barua chini, nikaenda posta kwa miguu, nikapeleka telegramu kwenye duka lako: USIMPANDISHE MKEO GARINI. MATUNDU YA SAKAFU YANAINGIZA SUMU. Gazeti hili hutoka Ijumaa na kufika Voi Jumamosi. Jumamosi ungekuwa mlimani, unaendesha, na maiti kando yako. Au maiti wawili, au watatu, maana na wewe safari hii ulikusudia kufunga dirisha.

Mke wako si mwongo. Mke wako amekuwa akivuta moshi wa injini tangu Mei.

Spika hutoa sauti peke yake. Bomba la gari hutoa sauti na moshi pamoja, na hakuna njia ya kukaribisha kimoja ukafukuza kingine. Ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayotoka kwenye jiko la makaa lililoingizwa chumbani. Niliwahi kuandika habari za walinzi wawili waliofanya hivyo kwa sababu ya baridi, wakafunga mlango na dirisha. Walikutwa wamelala, bila jeraha, bila damu. Nilipoona umeandika maneno hayo hayo juu ya kuku, ilibidi niyasome mara mbili.

Wewe umetoboa matundu arubaini na manane ili sumu hiyo ipite vizuri. Kiwiko chako kilikuwa dirishani. Wewe ulipumua upepo, yeye akapumua bomba. Mlima ulipoanza, injini ikafanya kazi zaidi, moshi ukazidi, na hapo ndipo alipokuwa akinyamaza. Kichwa kilichokugonga ukifika hakikutokana na baridi yoyote. Hesabu mwenyewe: safari nne, ameshikwa mara nne. Wiki tatu gari likiwa Mombasa, hata mara moja. Ushahidi wote umeuandika kwa mkono wako, kisha ukaniuliza kama anakuchezea.

Kuhusu saka sina la kusema. Mimi si Mdawida, na siwezi kumfundisha mama yako mambo ya kwao. Lakini kuku hawashikwi na saka.

Ninakuonea huruma kidogo, kwa sababu hukukusudia ubaya, na mtu aliyeziba nyufa kwa sponji alikuwa na nia ya kumtunza mtu. Huruma yangu inaishia hapo. Fundi alikuambia, akakutajia hata ng'ombe. Ukamjibu kuwa mwenye gari ni wewe. Mkeo alikutajia dawa mbili kwa majina, sailensa na dirisha. Ukamcheka mbele ya mama mkwe wake. Mtu mwenye mimba alianguka uani, na wewe ukaona amelionea wivu bomba. Unajisifu kwa masikio, bwana. Kuku wanaopiga kelele wakinyamaza ghafla, mwenye masikio husimamisha gari.

Sasa fanya hivi, na usichague. Leo, si kesho, mpeleke Wakesho hospitali, si kwa gari lako. Mwambie daktari kila kitu: bomba linaishia wapi, matundu mangapi, safari ngapi, alilala pale uani muda gani. Usione haya kutaja kuku. Mtoto aliye tumboni alipumua alichopumua mama yake, na daktari hawezi kumpima kwa jambo asiloambiwa. Usiniulize mimi kama mtoto ni mzima. Sijui, na wewe pia hujui, na hilo ndilo utakalolala nalo hadi daktari aseme.

Gari lisiwashwe tena, hata ukiwa peke yako, hata mpaka dukani, hadi Kilonzo alifanyie kazi. Nenda kwake umwombe radhi kwanza, maana alikuwa sahihi na ulimtumia kama keekee. Achomelee bamba la chuma juu ya matundu yote, aurefushe mkia wa bomba hadi upite bampa ya nyuma, arudishe sailensa, akague kila kiungo. Kama bado unataka mlio mzito, muulize yeye. Magari ya mashindano unayosimama kuyatazama kila Pasaka yana mlio, na mabomba yake huishia nje, mbali na pua za waliomo. Kumbe inawezekana. Ila safari hii atakata anavyojua yeye.

Kisha uende Mghange peke yako, umweleze mama yako ulichokificha. Matundu, keekee, kitambaa, vyote. Mwambie wageni wale wale walioona mkeo akianguka waitwe wasikie. Kama baada ya hapo bado anataka ngoma, na Wakesho anataka, na daktari ameruhusu, ichezwe, nje, kwenye hewa safi. Lakini habari ya kumrudisha kwao ifutwe siku hiyo hiyo, kwa kinywa chako wewe. Hujashindwa ndani ya nyumba yako. Ulikaribia kuimaliza nyumba yenyewe.

Jana saa tisa alasiri nililetewa jibu la telegramu yangu. Halikutoka kwako. Nadhani mkeo ndiye aliyekuwa dukani ilipofika. Nalinakili lilivyo:

NIMESOMA. GARI SIPANDI. KUKU WALIKUWA WANGU. WAKESHO.

Kwa hiyo imebaki kazi moja. Tafuta kuku wawili, wazuri kuliko wale, mkeo awachague. Safari hiyo ya kwenda kwa mama yako uwachukue wewe, kwa basi, umewapakata magotini. Kutoka Voi hadi Mghange ni mbali, na kuku wazima hupiga kelele njia nzima.

Wasikilize.