Nilimtaja Muuaji Mbele ya Baba Mkwe

Mpendwa Mama Koleta, naomba msaada wako kabla sijampoteza mchumba kwa ajili ya marehemu wa kwenye sinema, ambaye hata hakufa kweli, alikuwa anaigiza.

Mimi ni Wilbard, nachomelea mageti hapa Same mjini, na mchumba wangu ni Priska wa Mhezi, kule juu milimani, na posa ilishapelekwa na mshenga wangu mzee Fredrick ikapokelewa, kilichobaki ni baba yake, mzee Tumainieli, kuniangalia kwa macho yake mwenyewe, na mzee huyu, mama, ni mwalimu wa kwaya na aliwahi kukaa baraza la kata akisikiliza kesi za mipaka ya mashamba, na unatujua sisi Wapare tunavyopenda kesi.

Sasa Jumamosi Priska aliteremka Same kununua vitambaa vya sare za kwaya, akavipata mapema, nami nikamwambia twende ukumbini kwa Nassoro, kuna filamu ya kuchekesha, tajiri anauawa kwa sumu siku ya sherehe yake, na mpelelezi anayemtafuta muuaji ni mtu wa kuanguka-anguka, anatumbukia kwenye bwawa la samaki, anaitia pingu maiti, mama tulicheka mpaka Priska akashikwa na kwikwi, akarudi nazo Mhezi, na nyumbani hakusema kitu, maana kwao binti hatoki na mchumba wazee wakiwa bado wanazungumza.

Jumatatu mzee akaja mjini na Priska kuchukua miwani yake mpya, nikawapokea, "Shikamoo baba," "Marahaba mwanangu," mambo safi kabisa, ila tulipopita kwa Nassoro mzee akasimama kwenye tangazo akasema, "Hii ndiyo nataka kuijaribia miwani, hii yenye maiti na mpelelezi." Priska akaniangalia, nikamwangalia, tukaingia.

Mama, mzee alifurahi! Alikuwa akijipigapiga mapaja kwa kucheka, akimpigia mpelelezi kelele, "Geuka nyuma, we bwana!", na Priska naye akawa anacheka kabla mpelelezi hajaanguka, namfinya, haachi. Walipobaki watuhumiwa watatu, daktari, mpishi na mpiga kinanda, mzee akasimama kabisa. "Ni daktari! Mtu anayejifuta jasho namna ile ana hatia!" Ukumbi ukamshangilia. Mmoja akauliza, "Na mpiga kinanda je, mzee?" Akajibu, "Mtu wa nyimbo hana roho hiyo!"

Nilitaka tu asiaibike, mama. Nikamvuta koti nikamnong'oneza, "Baba, kaa, ni mpiga kinanda, na sumu haikuwa kwenye chai, ilikuwa kwenye kijiko," na ukumbi wakati huo ulikuwa umenyamaza, kila mtu akasikia, na haukupita muda mpiga kinanda akakamatwa na kijiko chake. Mzee akanigeuzia ile miwani mpya. "Umejuaje habari ya kijiko?"

"Nimekisia tu, baba."

Tukaenda mgahawani, chai ikaletwa, nami kwa adabu nikamkorogea sukari. Mzee akakitazama kijiko, akanitazama mimi, akakisukuma kikombe mbali akasema, "Nitakunywa maji ya bomba." Tangu hapo mshenga ameambiwa mazungumzo yasimame, kwamba kijana anayejua sumu ilipo kabla ya polisi hakabidhiwi binti. Nikisema ukweli Priska ataumbuka kwao, nikinyamaza mimi ni muuaji. Nifanyeje?

Wilbard, Same

*

Wilbard mwanangu,

Pole. Ngoja nimalize kucheka. Haya, sasa nisikilize.

Mzee wa watu amesikiliza kesi za mipaka miaka na miaka, leo kapata kesi tamu isiyo na shamba la mtu, katoa hukumu, watu wanamshangilia, halafu wewe unamvuta koti! Nani alikuomba? Na ulipoulizwa ukaongeza uongo, tena uongo mbovu. Hakuna anayekisia kijiko. Mkweo amepima ushahidi uliompa wewe mwenyewe, na kwa ushahidi huo hata mimi nisingekunywa ile chai.

Nilipoisoma barua yako gazeti lilikuwa limeshakwenda mtamboni kuchapwa, na jambo lenyewe halikutaka kusubiri, nikakupigia simu. Nilikwambia: ongea na Priska kwanza, asije akaumbuliwa ghafla mbele ya baba yake. Kisha mchukue mshenga, mpande Mhezi, useme kweli kwa kinywa chako, kwa maneno machache, na lawama ya kwenda ukumbini uibebe wewe. Ulikwenda, na umeniruhusu niwaeleze wasomaji yaliyotokea.

Ulipomaliza kusema, mzee akamgeukia binti yake.

"Kwa hiyo na wewe ulijua ni mpiga kinanda?"

"Nilijua, baba."

"Nikasimama mbele ya watu wote wale nikamtaja daktari, wewe umekaa tu?"

"Ulikuwa unafurahi sana, baba. Ningeanzaje?"

Mama yake Priska akatoka nje kucheka. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatoa hukumu: "Huyu amesema pasipostahili kusemwa. Huyu amenyamaza pasipostahili kunyamazwa. Hawa wanafaana. Mzee Fredrick, tuendelee. Ila kijana ataleta mbuzi wa faini ya kumtembeza binti yangu bila ruhusa."

Sasa unaniuliza kwenye simu kama huyo mbuzi anaweza kupunguzwa awe jogoo. Wilbard! Peleka mbuzi, tena aliyenona, na usifungue kesi nyingine na mtu aliyekuzidi uzoefu. Siku ya kuwakaribisha wakwe, chai waandae wengine, wewe kaa mbali na jiko. Halafu mpeleke mzee akaone filamu ambayo wewe na Priska hamjaiona, mkae wote watatu, na hata ukimjua muuaji mapema, jaza karanga mdomoni.