Ukingo wa Jana

Pokea simu jamani! Basi soma.

Unajua kazi yangu ya kila asubuhi. Droni inapita juu ya jalala, nachora ukingo wa ule mlima wa taka, nafuta wa jana, nakunywa chai. Bosi ndivyo anavyotaka: "Ukingo mmoja tu, mwanangu, usinijazie kompyuta."

Leo nimesahau kufuta.

Mistari ikawa miwili. Nikadhani nimekosea, nikachora upya. Miwili tena! Tangu jana mlima umesogea mita tisa, umetoa tumbo upande wa chini. Upande wa kwa mama yako. Mita tisa, shoga! Zimebaki ishirini kufika kwenye ukuta wenu.

Unanijua nisivyoweza kumsemesha mtu mzima. Nikaenda hivyohivyo.

"Bosi, mlima unatembea."

"Kila kitu kinatembea, mwanangu."

"Unaelekea kwenye nyumba za watu."

Akafunga mlango.

Unakumbuka bosi alivyosema kwamba mama yake, jirani wa mama yako, amehamia kwake kubadilisha hewa? Sijui ulimi niliupata wapi, nikamuuliza, "Mama ulimhamisha kwa nini?"

Shoga, mtoe mama sasa hivi, aache hata sufuria jikoni. Zimamoto nimeshawapigia, wanakuja.

Maana bosi aliinamisha kichwa, akasema, "Hewa ilikuwa kisingizio. Niliuona unakuja tangu wiki iliyopita, nikamtoa wangu."