Njiwa Wangu, Paka wa Mkwe

Mpendwa Mama Mshauri,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, mtaani kwetu watu ndio huja kwangu, mlango ukigoma kufunga wanakuja, kitanda kikianza kulia wanakuja, lakini leo nimeshika kalamu kwa sababu maji yamenifika shingoni, na mke wangu amesema nisipokuandikia mimi atakuandikia yeye, na najua akiandika yeye ataanza na makosa yangu.

Mimi ni fundi seremala na nafuga njiwa. Usinielewe vibaya, sifugi kama wale wanaotundika boksi juu ya mti halafu wanasema wamefuga. Banda langu nimelijenga mwenyewe kwa mbao ngumu, lina vyumba, lina vilango vya bawaba, mbele nimelichonga maua, na limesimama juu ya nguzo katika bustani ndogo iliyo mbele ya nyumba, pembeni kuna ukuta wa jirani, na chini ya ule ukuta nimeweka benchi refu nililolipiga randa mpaka ukipitisha kiganja unadhani ni kioo, ili wageni wakae watazame. Jioni nikimaliza kazi namwaga mtama chini, mbele ya benchi, njiwa wanashuka wote kwa pamoja, na nakuambia watu wanasimama getini, hata yule mwalimu wa udereva husimamisha gari na mwanafunzi wake yuko kwenye usukani. Halafu wana adabu! Siku hizi jua likianza kuzama wanaingia bandani wenyewe, bila kuitwa, bila kufukuzwa, kazi yangu ni kufunga vilango tu. Niambie ni nani mwingine umewahi kusikia ana njiwa wa namna hiyo.

Taabu yangu ni paka. Upande wa pili wa ukuta anakaa mkwe wangu, yaani mama wa kijana aliyemuoa binti yangu, na wote wanakaa naye hapo hapo, ni muuguzi mstaafu, mama mwenye heshima zake, lakini ana huruma iliyopitiliza, kila paka wa mtaa asiye na kwao anakula mlangoni pake, na wakishashiba wanavuka kuja kupunga upepo kwangu. Mkubwa wao ni dume moja la rangi ya chungwa lenye sikio nusu, watu wanamwita Diwani kwa sababu anapita nyumba zote akikagua na hakuna analofanya. Kwangu alifanya. Nilikuwa na njiwa mmoja mweupe, manyoya yamemshuka mpaka vidoleni, tulimwita Kanzu, hakuna aliyemwona akaacha kuuliza nimempata wapi, na Diwani alimchukua palepale mbele ya benchi, mtama ungali mdomoni, macho yangu yanaona na wageni wangu wanaona. Mama Mshauri, nililia. Mtu mzima mwenye mjukuu, nililia, na mwenza wa Kanzu akabaki bandani na makinda akichungulia nje siku nzima.

Nimejaribu kila kitu. Nilinyunyiza unga wa pilipili juu ya ukuta, upepo ukaurudisha wote machoni mwangu na mwa mteja aliyekuja kuagiza kabati. Nikatandaza maganda ya machungwa, Diwani akayafanya godoro. Nikaweka ndoo ya maji tayari, nikavizia, nikamwaga kwa nguvu zangu zote, na aliyelowa ni mke wangu aliyekuwa ananiletea chai.

Sasa kilichonivuruga kabisa ni hiki. Tulikuwa tumewaalika wakwe kula kwetu, mkwe yuko mezani, binti yangu na mumewe wapo, nikaona mkia unapita dirishani, hasira zikanipanda, nikasema mbele ya wote kwamba paka wa watu fulani nitawamaliza mmoja mmoja, na anayewalisha ajue kwamba analisha wezi. Mkwe akaweka kijiko chini taratibu, akasema, "Asante kwa chakula, baba," akaondoka. Binti yangu akamnyanyua mtoto akamfuata, akageuka mlangoni akaniambia, "Baba, siku utakayomwomba mama mkwe radhi ndiyo siku nitakayokuletea mjukuu wako." Tangu hapo hajakanyaga kwangu. Kinachotutenga ni ukuta tu, namsikia mjukuu akicheka, namsikia akiangusha sufuria za bibi yake, ameanza kutambaa naambiwa, lakini simwoni.

Na sasa wananifanyia dhihaka. Binti yangu alipokuwa mdogo nilimfundisha mluzi wangu wa njiwa, ule wa kuwaitia chakula ndani ya banda enzi hizo nilipokuwa nikiwalisha humo, akawa anaujua kuliko mimi, akisimama bustanini akaupiga, njiwa wote wanagombania mlango. Siku hizi kila jioni nausikia mluzi uleule kutoka kwa mkwe. Nia yao ni kuwahamisha njiwa, naona wazi. Kanzu ameliwa, mjukuu nimenyimwa, sasa na waliobaki wanaitwa!

Rafiki yangu muuza nyama amenipa pakiti ya sumu ya panya. Anasema kipande kimoja cha nyama juu ya ukuta na shughuli imekwisha. Pakiti iko rafuni kwenye karakana, nyuma ya kopo la misumari, mke wangu hajui. Kila nikiinyooshea mkono, mkono unasita. Je, niweke? Au niende kumwomba radhi mtu ambaye paka wake ndiye mkosaji? Kuomba radhi sikuzoea. Nisaidie, ila uelewe kwamba katika jambo hili mwenye haki ni mimi.

Wako,
Fundi Mwenye Njiwa

*

Fundi,

Pole kwa Kanzu. Naisema kwa dhati, maana mwanamume anayemlilia njiwa mbele ya wageni bila kujificha ana moyo, na huo moyo ndio ninaotaka kuzungumza nao. Kichwa chako tukiache kwanza pale getini, kiendelee kupokea sifa.

Kabla hujasoma mstari mwingine, nyanyuka ukaitoe ile pakiti. Ifunge vizuri, mrudishie muuza nyama, na umwambie yeye auze nyama. Hivi ulifikiri Diwani akishaidaka ile nyama ataipeleka kuilia wapi? Ataipeleka mlangoni pa mkwe wako, alikozoea kulia. Na ni nani anayetambaa pale, anayeokota kila anachokiona akatia mdomoni? Sitaki kuendelea. Mkono wako ulisita kwa sababu una akili kukuzidi, usikilize.

Sasa tuje kwa paka. Umenisifia ufundi wako na nimekuamini, ndiyo maana nilicheka mpaka mtu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini. Hebu tazama ulivyopanga mwenyewe: kuna ukuta, chini ya ukuta kuna benchi, mbele ya benchi kuna mtama, na juu ya mtama kuna njiwa walioinamisha vichwa. Baba, umewajengea paka ngazi! Tena umeipiga randa wasije wakachomwa na vibanzi, na hapo chini ukawaandikia na meza. Diwani hakukuibia, Diwani alikaribishwa.

Achana na pilipili, achana na maganda, na mke wako aliyelowa kwa ajili yako umtafutie kitenge. Benchi liondoke ukutani leo. Nguzo za banda zivishe bati laini kutoka chini mpaka juu, kucha zikose pa kushika. Mbele ya vilango piga kibaraza cha wavu wa waya, njiwa waote jua bila kushuka. Na kuanzia sasa utawalisha ndani ya banda, sio chini. Wafungulie wakiwa na njaa kidogo, waruke wachoke, warudi kula nyumbani. Njiwa anayejua chakula kiko ndani hana safari kwenye nyasi.

Najua hapo ndipo panapokuuma. Unajiuliza watu wa getini wataona nini. Wataona njiwa wakiruka, fundi! Hawa ndege uzuri wao uko juu. Wakiwa chini wanadonoa mtama, kwa kweli hawana tofauti kubwa na kuku, na sijawahi kusikia gari la mafunzo limesimama kutazama kuku.

Kwa mkwe utakwenda. Utakwenda mchana, shati safi, wewe mwenyewe kwa miguu yako, na usimtume mkeo. Utasema, "Mama, nilikuvunjia heshima mezani pangu, naomba unisamehe." Ukifika hapo funga mdomo. Usimtaje Kanzu, usitaje wezi, na lile neno "lakini" ulilonalo tayari mdomoni ulimeze na mate. Huendi kumwomba radhi kwa sababu ya paka. Unaenda kwa sababu ulimwalika mtu chakula ukamfanya aweke kijiko chini. Akikukaribisha ukae, ndipo umwombe kwa upole awalishe wale paka wakati njiwa wako wakiwa nje, maana aliyeinamia sahani hana muda wa kupanda ukuta. Amewahudumia wagonjwa wakorofi maisha yake yote, wewe hutamshinda. Na lile benchi mlibebe wewe na mwanawe mpaka uani kwake, liwe lake. Mkikaa pale mkiinua macho, njiwa wako wataonekana vizuri tu.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya niiweke barua yako juu ya nyingine zote.

Umeniandikia, kifua mbele, kwamba siku hizi njiwa wako wanaingia ndani wenyewe bila kuitwa. Kisha chini kidogo ukaniandikia, umenuna, kwamba siku hizi kila jioni unasikia mluzi upande wa pili wa ukuta. Isome barua yako tena, fundi, maana uliiandika wewe ila hukuisikia. Je, kuna njiwa hata mmoja aliyehamia kwa mkwe? Angekuwepo ungeshanijazia kurasa. Wote wako bandani, salama, unawafungia vilango na kujisifu. Hawaingii wenyewe. Wanaitwa. Binti yako amekukasirikia, hataki kukutia machoni, mtoto wake hakupi, na bado kila jioni anaacha kazi zake anasimama nyuma ya ukuta, anawaingiza njiwa wako ndani kabla Diwani hajaanza ukaguzi wake. Anajua baba yake saa hiyo yuko getini anasifiwa na hatakumbuka.

Ulitaka nikubali kwamba huna mpinzani kwa njiwa. Mimi njiwa siwajui, siwezi kukuamulia. Lakini kama ni kutembea kifua mbele, tembea nacho kwa ajili ya huyo mwanamke uliyemlea. Hajakuacha hata jioni moja, na alichokushikia ni kile ulichomfundisha mwenyewe.

Kwa hiyo leo jioni usimwage mtama. Waage watu wa getini, nenda ukasimame karibu na ukuta ukae kimya. Mluzi ukilia upande wa pili, ujibu.

Mama Mshauri