Komeo la Mlango wa Mninga

Nachingwea

Mjomba Masoudi, shikamoo.

Huku hatujambo. Kidonda cha mama, dada yako, kimefunga, na mikorosho imeanza kutoa maua. Gari langu la kulala safarini bado limeegeshwa uani.

Utakumbuka tulivyobishana katika karakana yako huko Ruangwa juu ya milango ya makabati ya gari hilo. Ulitaka mbao nyepesi, na komeo kwa kila mlango. "Bwana msomi," ulinitania, "kabati la nyumbani limelala, la garini linatembea." Nikakujibu kwa hoja za vitabuni kwamba uzuri haupigwi komeo, nikachagua mninga mzito na sumaku za kuushikia.

Tulipofika Nanganga gari liliingia shimoni, mlango wa kabati ukafunguka ukampiga mama kwenye paji la uso. Wazee wa ukoo walipouliza fundi ni nani, nilikutaja wewe, kisha nikanyamaza. Nawe, kwa kuwa kwetu mjomba ndiye mbeba makosa ya mpwa, ulisema tu, "Mikono ni yangu." Tangu siku ile, nasikia, hakuna anayekuletea kazi.

Jana nilimweleza mama ukweli. Alicheka hadi akashika kovu.

"Nilijua," alisema. "Masoudi hasahau komeo. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Ijumaa baada ya swala nitasema mbele ya wazee wale wale. Nakuomba uwepo, Mjomba, na uje na makomeo. Nitakushikia mbao, wala sitabisha.

Mpwa wako aliyenyamaza,
Rahimu