Moshi wa Kahawia Uani kwa Baba

4 Machi

Kaka,

Hujambo huko makao makuu? Sisi huku salamu zetu ni kikohozi. Kiwanda chenu cha asidi kimewashwa tena leo asubuhi, bomba likatema ule moshi wa kahawia, ukashuka moja kwa moja uani. Baba nimemkuta ameshika ukuta, anahema kama aliyekimbizwa. Na wewe ndiye mhandisi mkuu, hakiwashwi bila saini yako. Tumekukosea nini?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima na baba anapata nafuu. Suala hilo tunalifahamu. Gesi ile husafishwa kwa amonia ndani ya mtambo wenye kichocheo, ile kemikali inayoigeuza gesi kuwa hewa isiyodhuru, na kichocheo kimechakaa. Kipya kimepangwa kwenye matengenezo ya mwakani. Kwa sasa nawatumia barakoa. Fungeni madirisha.

Kaka yako

17 Machi

Kaka,

Hali yako siiulizi, maana umenijibu kama unamjibu mteja. Barakoa zako baba amezitazama, akasema, "Mrudishie, avae yeye akija kunizika." Zimo humu kwenye kifurushi. Juzi tumemkimbiza hospitali, yuko kwenye oksijeni. Daktari akamuuliza kama anavuta sigara. Mtu ambaye hata jiko la mkaa halitaki ndani. Habari za mwakani usiniandikie tena.

Binti wa baba yako

2 Mei

Mdogo wangu,

Mfikishie baba shikamoo yangu, kama bado anaipokea. Nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa vitani. Kiwanda kilizimwa kwa ukaguzi, wakubwa wakanitaka nisaini kiwashwe. Nikasema bila kichocheo kipya sisaini. Mkurugenzi akaniuliza, "Wewe umeajiriwa na kampuni au na mtaa wenu?" Nikamjibu kwamba mtaani kwetu kuna baba yangu. Akamwita msaidizi wangu, akasaini yeye badala yangu. Nilitoka pale hadi idara ya mazingira, nikawakabidhi vipimo vyote vya gesi. Wamekifunga kiwanda, na mimi nimefukuzwa. Hilo silijutii. Kinachoniunguza roho ni kwamba kichocheo kimeagizwa wiki hiyohiyo. Kumbe wiki yoyote kingeweza kuagizwa.

Kaka yako

9 Juni

Kaka,

U mzima? Sisi tupo, baba ameshatoka hospitali. Jana wamekiwasha. Nilisimama uani, matusi ya kukutukana yakiwa tayari mdomoni. Ukatoka moshi mwepesi wa kahawia, mtambo wa kusafishia ulipopata joto moshi ukapotea, pakabaki hewa tu. Matusi nimeyameza. Wapakiaji wa kiwandani waliokaa bila kazi muda wote huo hawanisalimii, wananiona mimi ndiye niliyewafungia.

Mkurugenzi alikuja na mpiga picha, apeane mkono na baba bomba likiwa nyuma yao. Baba akamwacha mkono unaning'inia mpaka kamera ikashushwa. Mapafu yake hayatarudi yalivyokuwa, daktari ametuambia wazi. Kwa hiyo usitegemee nikupongeze. Ulijua kabla hatujakuandikia.

Baba hajasema amekusamehe. Amesema tu chumba chako kimejaa magunia, niyatoe.

Mdogo wako